Kutu ya msumari na pepopunda

Ukichomwa na msumari kwenye shamba la migomba huku Moshi, swali la kwanza ni, "Ulikuwa na kutu?" Wengi tumekua tukiamini kuwa kutu ndiyo huleta pepopunda, na kwamba msumari unaong'aa hauna neno.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaokaa kwenye udongo na mavi ya wanyama. Msumari uliolala nje hupata kutu, hupata na udongo. Ndipo viwili hivyo vikachanganywa. Kinachowafaa bakteria hao ni kidonda kirefu chembamba kisichofikiwa na hewa. Mwiba tu unatosha.

Kutu si chakula chao basi? Karibu bakteria wote huhitaji chuma, lakini chuma cha kutu hakiyeyuki kirahisi wala hakipenyi utando wa seli chenyewe. Bakteria wengi hulazimika kutoa molekuli ndogo ziitwazo siderofori, zikanase chuma huko nje. Kwenye utando kuna protini zinazozitambua na kuzipokea, na kuziingiza ndani hugharimu nishati. (Miili yetu nayo huficha chuma ndani ya protini za damu, kama mtu anayefungia unga kabatini.)

Unaweza kuhakiki mwenyewe: muulize nesi wa kliniki kwa nini wajawazito huchanjwa pepopunda. Mtoto mchanga huweza kuipata kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, hata kisicho na chembe ya kutu. Ukichomwa, osha kidonda kwa sabuni na maji tele, kisha nenda zahanati na kadi yako ya chanjo.