"Simamisha!": Mchezo wa Kuigiza wa Mtandaoni Unavyomfikisha Mpigakura Kituoni

Kila uchaguzi unapokaribia, taasisi zinazotoa elimu ya mpigakura humwaga mabango, matangazo ya redio na video fupi zenye ujumbe uleule: kura yako ni sauti yako, jitokeze. Ujumbe hauna ubaya. Shida ni kwamba asiyekwenda kituoni mara nyingi ameshausikia, tena mpaka umemchosha. Kinachomkwamisha ni mambo madogo ambayo mtu huona haya kuyasema: bosi hajatoa ruhusa, mzee wa nyumba ameshaamua familia nzima impigie nani, jina limekosewa herufi kwenye daftari la wapigakura naye hajui aanzie wapi, au anaogopa kuuliza mbele za watu akaonekana mjinga. Bango haliwezi kumsaidia mtu huyu. Mchezo wa kuigiza unaweza, hata ukichezwa kwenye skrini ya simu, ilimradi waandaaji wamwachie mtazamaji nafasi ya kuingia ndani yake.

Aina ninayoizungumzia huendeshwa hivi. Waigizaji wanne au watano wanacheza kisa cha dakika 10 hadi 15 kupitia programu ya mikutano ya video, na kisa hicho kinaishia pabaya kwa makusudi. Kisha mwezeshaji anawaambia warudie tangu mwanzo, ila safari hii yeyote miongoni mwa watazamaji ana ruhusa ya kupaza sauti: "Simamisha!" Waigizaji wanaganda walivyo. Aliyesimamisha anawasha kamera yake, anashika nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia yake mwenyewe, huku waigizaji wengine wakiendelea kumbana kama walivyombana yule wa mwanzo.

Tuchukue kisa cha dada mmoja, tumwite Zuhura, anayefanya kazi kiwandani. Kesho ni siku ya kupiga kura, na msimamizi amebandika ratiba: zamu ya Zuhura inaanza kabla vituo havijafunguliwa na inaisha vikiwa vimeshafungwa. Anakwenda kuomba ruhusa. "Dada yangu," anaambiwa, "kura moja itabadilisha nini? Mzigo unatakiwa kesho." Zuhura anajibu sawa bosi, anarudi kwenye mashine. Kisa kimekwisha.

Katika marudio, mtazamaji wa kwanza anaingia na hasira: ni haki yangu, sheria inasema! Anayeigiza msimamizi hapandishi sauti. Anauliza tu, "Sheria ipi? Kifungu gani?" Kimya. Mtazamaji anacheka kwa haya na kuzima kamera. Wa pili anajaribu upole: nitabadilishana zamu na mwenzangu. "Mwenzako nani? Mlete." Hapo wa tatu anasimamisha, lakini hataki kuwa Zuhura, anataka kuwa mfanyakazi wa mashine ya pili. Wanakwenda wawili, wakiwa na karatasi yenye majina ya wafanyakazi 6 na saa ambayo kila mmoja atatoka na kurudi ili mashine zisisimame. Msimamizi anasita. Anaanza kuulizia zile saa, na swali la sheria halirudii tena.

Wakati huohuo, kwenye ujumbe wa pembeni, maswali yanamiminika: hivi kwetu sheria inasemaje kuhusu ruhusa ya siku ya kura? Na kama jina halimo daftarini? Ofisa wa uchaguzi aliyealikwa anapewa dakika 2 za kujibu. Huenda jibu hilohilo lilikuwemo kwenye kipeperushi ambacho nusu ya hadhira ilikitupa bila kukisoma. Sasa wanalinukuu kwenye daftari, kwa sababu dakika moja iliyopita mwenzao alikwama kwa kukosa kulijua.

Mbinu hii ilianza zamani kuliko intaneti. Inatokana na kazi za Augusto Boal (1931–2009), mwongozaji wa michezo wa Brazil aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, kisha akaenda uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru, akishiriki kampeni ya kisomo cha watu wazima. Wakati huo kikundi chake kilikuwa kinasimamisha mchezo, kinawauliza watazamaji mhusika afanye nini, kisha waigizaji wenyewe wanatekeleza ushauri. Siku moja, kwa masimulizi ya Boal, walicheza kisa cha mwanamke asiyejua kusoma. Mumewe alimpa makaratasi ayatunze, akidai ni stakabadhi za nyumba wanayojenga. Kumbe ni barua za hawara. Mume anarudi kutoka safari: mke afanye nini? Mama mmoja mwenye mwili mkubwa akashauri waongee waziwazi kabisa, kisha amsamehe. Mwigizaji akajaribu. Sivyo, akasema mama. Akajaribu tena. Sivyo! Boal akaona yaishe, akamwambia apande mwenyewe. Mama akapanda, akakamata ufagio, akamtandika yule "mume" barabara, halafu akaketi na kumtuma jikoni akamletee chakula.

Waigizaji wangeweza kujaribu hadi usiku wasiyapate hayo "mazungumzo ya waziwazi". Tangu hapo Boal aliacha kutafsiri mawazo ya hadhira, aliwapandisha jukwaani. Aliporudi Brazil alichaguliwa mwaka 1992 kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, na katika kipindi chake cha 1993 hadi 1996 michezo ya namna hii ilichezwa mitaani ili kukusanya mapendekezo ya sheria. Sheria 13 zilipita kwa njia hiyo. Mojawapo ilihusu vibanda vya simu vya barabarani, vilivyokuwa vipana juu na vyembamba chini, hata fimbo ya asiyeona ikapita bila kugusa kitu na kichwa kikagonga. Wenye kugongwa ndio waliosema kinahitajika kijukwaa chini yake ili fimbo ikikute mapema. Mtaalamu anayeona angewaza hilo lini?

Je, kushiriki hivi kunampeleka mtu kituoni kweli? Niwe mkweli kama mtu wa fani: mchezo peke yake usidaiwe miujiza. Lakini kuna utafiti unaoonyesha wapi pa kukazia. Nchini Rwanda, Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima wasikilizaji wa mchezo wa redio uliohimiza maridhiano, akiwalinganisha na waliosikiliza mchezo wa afya. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona jambo linalokubalika katika jamii yao, na ujasiri wao wa kutamka wasichokubaliana nacho. Mwishoni kila jamii iliachiwa redio kaseti na kanda za kutumia kwa pamoja. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo bila mjadala mwingi. Wale wa maridhiano walibishana, wakapendekeza wasimamie wenyewe kwa pamoja. Ubishi ule mdogo juu ya nani atunze kaseti ndio ninaoutafuta mimi katika onyesho la elimu ya mpigakura, kuliko makofi.

Utafiti mwingine ulifanyika Marekani, jimbo la Pennsylvania, katika uchaguzi wa awali wa 2008, ule wa vyama kuteua wagombea wao. David Nickerson na Todd Rogers walitumia simu kuwafikia wapigakura, katika jaribio lililohusisha zaidi ya watu 280,000. Waliohimizwa tu kupiga kura hawakujitokeza kwa tofauti ya maana. Ila walioulizwa watakwenda saa ngapi, watatokea wapi na watakuwa wakifanya nini kabla ya hapo, walijitokeza zaidi kwa pointi 4 hivi za asilimia, na kwa wale wanaoishi katika nyumba yenye mpigakura mmoja tu ongezeko lilifika pointi 9. Naye anayedharau nguvu ya watu tunaowajua aangalie jaribio la Facebook la mwaka 2010 lililohusisha watumiaji milioni 61 wa Marekani: ujumbe ulioonyesha nyuso za marafiki waliokwisha kupiga kura ulifanya kazi kuliko taarifa kavu.

Ukiyaunganisha hayo unapata muundo wa onyesho: nafasi ya kupinga bila kuadhibiwa, watu wanaojuana katika chumba kimoja, na mpango wa siku yenyewe.

Sasa skrini. Mtandao unabadilisha mambo ambayo mwongozaji aliyezoea ukumbi huja kuyagundua kwa uchungu. Sauti huchelewa. Hata chini ya nusu sekunde inatosha kuwafanya wawili waongee kwa pamoja, wanyamaze kwa pamoja, waanze tena kwa pamoja. Kuimba kwa umoja ndiyo usijaribu kabisa. Ugomvi wa kupokezana maneno haraka, ambao jukwaani ni utamu, hapa huwa vurugu tupu. Andika mazungumzo yenye pumzi. Hadhira iliyozimiwa maiki haicheki, na mwigizaji anayetegemea kicheko anapotea njia. Waruhusu watu 5 au 6 waliochaguliwa wabaki na maiki wazi, wawe sauti ya ukumbi.

Kwa upande mwingine kuna faida ambayo ukumbi hauna. Mtu asiyethubutu kupanda jukwaani anaweza kuandika, "Msimamizi huyu namjua, jaribu kumuuliza hivi," na mwezeshaji akamsomea. Mgonjwa, mlezi wa mtoto mchanga, mwenye ulemavu asiyeweza kufika ukumbini, wote wamo. Wenye mtandao dhaifu wanaingia kwa sauti tu, na kwa ajili yao kila mwigizaji ataje anachofanya: "Nakupa karatasi hii, Zuhura." Kwamba hadhira ya mtandaoni inaweza kukaa na jambo zito tuliona mwaka 2020, kikundi cha Theater of War cha Marekani kilipowasomea watu kupitia Zoom tamthilia ya Kigiriki ya Sophocles kuhusu mji uliopigwa na tauni, kisha kikafungua mjadala juu ya janga lililokuwa linaendelea. Ushauri wangu, hata hivyo, ni kwamba onyesho la kushiriki lisizidi watu 40 na dakika 90. Wakizidi, wagawe katika vyumba vidogo, kila kimoja na mwezeshaji wake.

Mwezeshaji ndiye uti wa mgongo wa shughuli nzima, na ndiye anayeharibu mara nyingi. Kazi yake ni kuuliza: umeona nini? Ingewezekana kweli kazini kwako? Akianza kusahihisha, watu hunyamaza. Kanuni ya kukumbuka: mtazamaji asiruhusiwe kumbadilisha msimamizi awe mwema ghafla, maana hilo si suluhisho, ni ndoto. Hadhira yenyewe ifundishwe kupiga kelele "Miujiza!" pale mwenzao anapotoa jibu ambalo maisha hayalitoi.

Kuhusu kutoegemea upande sina mzaha. Hakuna chama, rangi ya chama, wimbo wa kampeni wala mgombea anayefanana na mtu halisi. Usiulize mtu atampigia nani, hata kwa utani, hata kwenye kura ya maoni ya programu. Kura ile si ya siri: mara nyingi mwenye mkutano anaweza kuona nani amejibu nini, kutegemea alivyopanga mipangilio. Waambie watu hivyo kabla hawajabonyeza. Onyesho likirekodiwa, ombeni ridhaa mwanzoni na mzime rekodi wakati wa marudio, kwa sababu mfanyakazi aliyemwigiza Zuhura kwa ujasiri mkubwa anaweza kuwa na bosi anayependa kutazama video. Na wekeni mtu mmoja mlangoni wa kukagua wanaoingia. Wavamizi wa mikutano wapo, na wakati wa uchaguzi huongezeka hamu.

Dakika 10 za mwisho zisiguswe na hotuba ya mgeni rasmi. Wagawe watu wawiliwawili, kila mmoja amhoji mwenzake: utakwenda saa ngapi? Utatokea wapi? Nani atabaki na watoto? Umeshahakiki jina lako? Kitambulisho kiko wapi sasa hivi? Wengi huinuka kwenda kukitafuta wakati huohuo, na viti vinabaki vitupu kwenye skrini kwa muda, jambo ambalo mwongozaji asilichukulie kuwa kero. Kila mmoja aandike saa yake kwa mkono wake, na jioni ya kuamkia siku ya kura mwenzake amtumie ujumbe wa kumkumbusha saa hiyo.

Anayetaka kupima matokeo asitegemee kuwauliza watu kama walipiga kura, kwani katika tafiti za uchaguzi watu huzidisha: wapo wanaosema walikwenda nao hawakwenda. Pale ambapo sheria inaruhusu kuona orodha ya waliojitokeza, chagua kwanza kwa bahati nasibu ili nusu ya waliojiandikisha kwa onyesho waalikwe kabla ya uchaguzi na nusu nyingine baada yake, kisha linganisha makundi hayo mawili.