Viwango si msimamo

Kila Jumanne ya Novemba, kamati ya mchujo (mtoano wa kutafuta bingwa) wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mpira wa kurushwa kwa mikono, inapotoa orodha yake ya timu 25, hakosekani mtu wa kuandika kwa Kiswahili: "Msimamo mpya umetoka." Jumapili, kura ya shirika la habari la AP ikitoka, ni hivyo hivyo. Chini yake zinafuata lawama. Timu hii haijafungwa, mbona iko ya tano? Ile imeshinda mechi 10 kama mwenzake, mbona imeachwa? Lawama zina haki yake. Neno ndilo bovu, na sehemu kubwa ya hasira inazaliwa na hilo neno.

Maana kwanza, kwa ufupi. Msimamo ni jedwali linalojazwa na matokeo yenyewe: umeshinda, umetoka sare, umefungwa, pointi zinajumlishwa, mwenye nyingi anakaa juu. Viwango ni mpangilio wa ubora, unaotolewa na mtu, kikundi au fomula baada ya kuyapima matokeo hayo. Msimamo mpe karani yeyote auandike, utatoka uleule. Viwango ukivibadilishia mpimaji, vinabadilika.

Maneno yenyewe yanasaidia ukiyatazama vizuri. Msimamo umetokana na kusimama: nani amesimama wapi. Tabu ni kwamba neno lina kazi ya pili. Msimamo wa mtu ni rai anayoishikilia hata umbembeleze vipi. Kwa hiyo tumejikuta na neno moja kwa vitu viwili vinavyopingana, rai ya mtu na jedwali lisilojali rai ya mtu. Anayesema "msimamo wa AP" kwa maana ya rai amepatia bila kukusudia, kwa sababu ile kweli ni rai ya waandishi wa habari sitini na kitu.

Kiwango nacho kinarudi kwenye kuwanga, kitenzi cha zamani chenye maana ya kuhesabu na kukadiria. Leo wengi wanakijua kwa maana yake ya usiku tu. Mashabiki wa Florida State, ambao mwaka 2023 timu yao ilimaliza 13-0 (ushindi 13, kipigo hakuna) ikiwa bingwa wa ACC, moja ya konferensi, yaani makundi ya vyuo yenye ligi yake, ikawekwa ya tano mchujo ukiwa wa timu nne, watakuambia kwamba maana zote mbili zilitumika siku ile. Lakini kwetu iliyo muhimu ni ya kwanza. Kiwango ni kitu kilichopimwa, na penye kupima pana mpimaji, mizani na makosa ya mizani.

Kwa nini basi futiboli ya vyuo isiwe na msimamo tu, kama ligi nyingine? Kwa sababu hesabu haikubali. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, na mwisho wa msimu kila timu imekutana na kila nyingine nyumbani na ugenini. Daraja la juu la futiboli ya vyuo lilikuwa na timu 136 mwaka 2025, kila moja na mechi 12 za msimu wa kawaida. Timu 136 zinatoa jozi 9,180. Mechi 12 kwa kila timu ni mechi 816 kwa jumla, tena hapo tumehesabu kana kwamba hakuna anayecheza na timu za daraja la chini, na wapo wengi wanaocheza nazo. Katika kila jozi 11, hukutana kama moja. Zile 10 nyingine lazima mtu akisie.

Wa kwanza kukisia kwa utaratibu wa kudumu ni AP, tangu 1936. Kila mpiga kura anaandika timu 25. Ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, hadi ya 25 inayopata 1. Namba iliyo kwenye mabano kando ya jina la timu ni idadi ya kura za nafasi ya kwanza, na ile ya mwisho ni jumla ya pointi. Hapa ndipo anayedhani anasoma msimamo anapopotea, maana pointi hizi hazikupatikana uwanjani. Chukua wapiga kura 60. Timu moja wanaitaja 10 tu, wote wakiiweka ya 20: inapata 6 mara 10, jumla 60. Nyingine inatajwa na 50, wote wakiiweka ya 25: jumla 50. Iliyopuuzwa na watu 50 inakaa juu ya iliyokubaliwa na watu 50. Hakuna aliyeiba kura. Ndivyo mizani ile ilivyotengenezwa.

Kasoro kubwa zaidi ya AP ni kwamba kura ya kwanza hupigwa Agosti, kabla ya mpira wowote kurushwa. Kwenye msimamo, Agosti kila mtu ana sifuri. Kwenye viwango, aliyewekwa wa 10 Agosti hushuka tu akifungwa, na anayemfunga anahesabiwa kaiangusha timu ya 10 Bora. Florida State ilianza 2024 ikiwa ya 10. Georgia Tech wakaifunga 24-21 mjini Dublin katika mechi ya kwanza na wakaingia 25 Bora kwa ushindi ule. Florida State ikamaliza msimu 2-10. Ushindi uliowapandisha Georgia Tech ulikuwa dhidi ya timu mbovu, ila siku ile hakuna aliyelijua hilo.

Kamati ya mchujo, iliyoanza kazi 2014, haina kura ya Agosti. Inatoa orodha ya kwanza msimu ukiwa umeshapita nusu. Hukutana hotelini Grapevine, Texas, na kazi yake huenda kwa mafungu: wanachagua fungu dogo la timu, kila mjumbe anazipanga kwa siri kuanzia 1, namba zinajumlishwa, na timu chache zenye jumla ndogo kabisa zinapewa nafasi zao. Zilizobaki zinasubiri na kuunganishwa na fungu linalofuata. Mjumbe anayelipwa na chuo fulani hutoka chumbani chuo chake kikijadiliwa. Angalia pia kwamba jumla ndogo ndiyo nzuri, kinyume cha AP. Wanaochanganya orodha hizi mbili na kuziita "msimamo" kwa pamoja wanachanganya hata mwelekeo wa kuhesabu.

Utaratibu huu wa mafungu ndio ulioleta kizaazaa cha Desemba 2025. Miami iliifunga Notre Dame 27-24 wiki ya kwanza, na zote zikamaliza 10-2. Hata hivyo, orodha ya Jumanne ya mwisho ilikuwa na Notre Dame ya 10, BYU ya 11, Miami ya 12. Mwisho wa wiki Notre Dame na Miami hazikucheza. BYU ilicheza fainali ya konferensi ya Big 12 ikapigwa 34-7 na Texas Tech. Jumapili: Miami ya 10, Notre Dame ya 11, na Notre Dame nje ya mchujo. Watu waliuliza timu inapandaje bila kucheza. Kwenye msimamo swali hilo lina nguvu. Kwenye viwango lina jibu, hata kama jibu linakera: BYU ilikuwa imekaa katikati, na ilipoondoka, Miami na Notre Dame zikabaki bega kwa bega, ndipo matokeo ya kukutana kwao yakapewa uzito. Kwa maoni yangu kamati ilistahili lawama kwa kulikumbuka jambo la Agosti wiki ya mwisho kabisa. Lakini hiyo ni lawama ya mpimaji aliyechelewa kutazama mizani, na hakuna jedwali lililochezewa.

Wapo wanaosema dawa ni kompyuta. Ilijaribiwa. Kuanzia 1998 hadi 2013 mfumo wa BCS ulichanganya kura za watu na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali. Mwaka 2003 USC ilikuwa ya kwanza kwenye kura zote mbili, ya waandishi na ya makocha, na bado kwenye BCS ikatoka ya tatu. LSU ikaifunga Oklahoma 21-14 ikawa bingwa wa BCS, AP wakampa USC ubingwa wao, na nchi ikawa na mabingwa wawili. Fomula haigeuzi viwango kuwa msimamo. Viwango vya FIFA ni fomula tupu, na bado hakuna anayeviita msimamo wa FIFA.

Msimamo wa kweli upo, na uko ndani ya konferensi. Huko timu hupangwa kwa matokeo ya mechi za konferensi peke yake, na zikilingana zinatenganishwa kwa kanuni zilizoandikwa kabla ya msimu. ACC ya 2025 ilionyesha tofauti vizuri kuliko kamusi yoyote. Virginia ilimaliza 7-1. Timu tano zikalingana kwa 6-2, Miami na Duke zikiwemo. Kanuni zikaipeleka Duke fainali, ikiwa na ushindi 7 na vipigo 5 kwa msimu mzima. Ikaifunga Virginia 27-20 kwa muda wa ziada ikawa bingwa. Kwa msimamo Duke ilipita Miami. Kwa viwango Miami ilikuwa ya 10, na Duke haikuingia kwenye mchujo.

Kitu cha tatu ni namba ya kuingilia mtoano, inayofanya kazi kama vyungu vya droo ya CAF. Mwaka 2024, mchujo ulipopanuliwa hadi timu 12, namba nne za juu walipewa mabingwa wa konferensi peke yao. Boise State iliyokuwa na kiwango cha 9 ikaingia kama namba 3, na Arizona State ya 12 ikawa namba 4. Mwaka uliofuata kanuni hiyo ikafutwa, namba zikafuata viwango. Kwa hiyo ukiona "namba 4" kwenye mchoro wa 2024, hiyo si timu ya nne kwa ubora, wala haikuwa ya nne kwenye msimamo wowote.

Ikitoka Jumapili, basi, andika "kura ya AP" au "25 Bora". Ikitoka Jumanne, "viwango vya kamati". Neno msimamo ziwekee konferensi, SEC, Big Ten na ndugu zao, pale mechi zinapojihesabu zenyewe.