Je, wajua kwa nini kiungulia kinazidi ukilalia ubavu wa kulia?

Mtu kala vizuri, kalala, saa nane usiku anaamka kifua kinawaka moto na maji makali yamemjaa kooni, anaanza kugeuka huku na huku. Sasa ule ubavu anaogeukia ndo unaweza kuamua kama atapata usingizi au la.

Iko hivi. Chakula kinashuka kwenye umio, mrija wa kama sentimita 25 hivi kutoka kooni mpaka tumboni, na pale chini kabisa kuna msuli umezunguka kama pete, unafunguka chakula kipite halafu unajibana tena. Msuli huo ukilegea ovyo ovyo, asidi ya tumboni, yale maji makali, inapanda. Tumbo lenyewe limepakwa ute mzito wa kulilinda, umio hauna kinga ya aina hiyo, ndo maana unababuka.

Mchana una nafuu kwasababu ukiwa wima asidi inarudi chini yenyewe, na mate unayomeza kila mara yanaipunguza ukali. Ukishasinzia mate yanapungua sana na kumeza pia kunapungua, kwahiyo hata asidi kidogo ikipanda inakaa pale inaunguza muda mrefu.

Na ubavu je? Tumbo limekaa zaidi kushoto, umio unaliingilia kwa juu upande wake wa kulia. Ukilalia kushoto asidi inatuama chini na mlango wa umio unabaki juu yake, ukilalia kulia mlango unazama kwenye asidi yaani ni kama chupa umeilaza na kizibo kimelegea.

Kurundika mito siwashauri, inakukunja kiunoni na tumbo linabanwa zaidi. Bora kuinua kitanda chenyewe upande wa kichwa sentimita 15 mpaka 20, na kula masaa matatu kabla ya kulala. Maziwa nayo yanapoza kidogo tu, baadae tumbo linatoa asidi nyingine.

Kiungulia kikikupata mara mbili au zaidi kwa wiki nenda kapimwe, usiishi kwa vidonge vya kutafuna. Na chakula kikikwama ukimeza, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, nenda haraka. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, na jasho jembamba, hayo yanaweza kuwa ya moyo, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.