Mtaa wa Shule Ukifungwa kwa Sababu ya Barabara Kuu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Maoni

Wazazi wanaotuandikia kuhusu upanuzi wa barabara kuu ya I-5 eneo la Rose Quarter, Portland, jimbo la Oregon, Marekani, wanauliza jambo moja kuliko mengine yote: mtaa unaopita mbele ya shule ukifungwa, si watoto watakuwa wamefidiwa kwa madhara ya barabara hiyo? Wengine huandika kwa matumaini, wengine kwa hasira, lakini karibu wote huchukulia kwamba kufunga mtaa ni kazi ya vizuizi viwili na kibao. Kwa heshima zote, sivyo. Na hata ingekuwa hivyo, swali la fidia lingebaki palepale.

Shule ya Harriet Tubman, shule ya kati iliyo kando ya I-5 katika eneo hilo, wengi mnaijua, kwa hiyo historia yake nitaipitia haraka. Jengo lilitangulia, I-5 ilikuja miaka ya 1960 ikakata eneo la makazi la Albina, ikapita kando ya uwanja. Shule ilipofunguliwa tena mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State walipima hewa wakashauri shughuli za nje zipunguzwe, na mfumo wa kuchuja hewa ukawekwa ndani. Mwaka 2022 Bunge la Oregon lilitenga dola milioni 120 za kuihamisha. Wasiwasi wa wazazi kwamba barabara iliyopanuliwa itasogea karibu zaidi na madarasa ni wasiwasi wa haki, na makala haya hayakusudii kuupunguza wala kusema kama mradi ni mzuri au mbaya.

Tuanze na neno lenyewe. "Kufunga" kunabeba mambo matatu ambayo watu huyachanganya kila siku. Kuna kufunga kwa saa chache, kama asubuhi watoto wanapoingia shuleni. Kuna kuzuia magari huku watembea kwa miguu na baiskeli wakiendelea kupita. Hapo ardhi inabaki kuwa mtaa wa umma. Na kuna kufuta hadhi ya mtaa kabisa, ardhi ikaacha kuwa njia ya umma. Shule inayotaka uwanja mpana zaidi kwa kawaida inahitaji hili la tatu. Anayetuandikia akidai mtaa "ufungwe" bila kusema ni kufunga kupi, hatuwezi kumjibu sawasawa.

Kufuta hadhi ya mtaa wa jiji katika Oregon kunaongozwa na sura ya 271 ya sheria za jimbo. Mlango wa kwanza ni ombi la wananchi. Ombi linahitaji ridhaa ya maandishi ya wamiliki wote wa viwanja vinavyopakana na kipande kinachofutwa. Wote, si wengi wao. Juu ya hapo, inahitajika ridhaa ya wamiliki wa theluthi mbili ya ardhi inayoathirika, na ardhi hiyo sheria imeipima yenyewe: kila upande wa mtaa hadi mtaa sambamba unaofuata, lakini isizidi futi 200, kisha upana uleule uendelee futi 400 kupita kila mwisho wa kipande hicho. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa ardhi, si idadi ya watu. Orodha ya sahihi 500 za majirani wapangaji inaonyesha hisia za mtaa, nasi tunaisoma kwa makini, lakini haitimizi sharti hilo hata kidogo. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado orodha zinakuja.

Mlango wa pili ni baraza la jiji kuanzisha hatua lenyewe bila ombi. Hata hapo haliko huru: wamiliki wa zaidi ya nusu ya ardhi inayoathirika wakipinga kwa maandishi, haliwezi kuendelea. Na kama thamani ya kiwanja kinachopakana itaguswa kwa kiasi kikubwa bila mmiliki kuridhia, jiji sharti limlipe. Kwa milango yote miwili lazima pawe na tangazo kwa umma, kisha kikao cha kusikiliza hoja. Karatasi linalobandikwa kwenye nguzo za mwanzo na mwisho wa mtaa ndilo tangazo lenyewe, kwa hiyo tafadhali msilibandue.

Kuna jambo linalowashangaza hata viongozi wa shule. Mtaa ukishafutwa, ardhi haiendi kwa aliyeomba. Kanuni ya kawaida ni kwamba inagawanywa nusu kwa nusu kati ya viwanja vya pande mbili, isipokuwa pale ambapo wamiliki tofauti ndio walioitoa ardhi hiyo tangu mwanzo. Hapo mipaka yao ya zamani hufuatwa. Shule ikiwa upande mmoja na mtu binafsi upande wa pili, shule hupata nusu. Na chini ya nusu hiyo kuna bomba la maji, la majitaka na nyaya, ambazo haki zake za kupita kwa kawaida hubaki. Juu yake, gari la zimamoto linahitaji nafasi ya futi 20 isiyozibwa. Ukiondoa hayo yote, uwanja mlioufikiria unaweza kuwa njia ya nyasi yenye mifuniko ya chuma.

Sasa fidia. Sheria ya taifa ya mazingira, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, inawataka wanaotumia fedha za serikali kuu kuchunguza madhara kabla ya kuamua. Katika tathmini za mazingira kuna mfuatano unaoheshimiwa: kwanza epuka dhara, ukishindwa lipunguze, ukishindwa lirekebishe, na mwisho kabisa fidia. Kufunga mtaa kwa kawaida ni fidia, yaani ngazi ya chini. Kwa hiyo swali la kuuliza mwenye mradi ni hili: mtaa huu unafidia dhara lipi?

Kama dhara ni uwanja uliopungua, jibu lina mantiki. Kama ni usalama wa watoto wanaovuka, pia lina mantiki. Kama ni hewa, hapana, na hapa nasema bila kuzungukazunguka. I-5 katika eneo hilo hupitisha magari zaidi ya 100,000 kwa siku, yakiwemo malori mengi. Mtaa wa shule hupitisha sehemu ndogo mno ya hayo. Chembechembe laini, masizi ya dizeli na dioksidi ya naitrojeni huwa nyingi karibu na ukingo wa barabara kuu, kisha hushuka haraka katika mita 150 za mwanzo. California, kwa sheria ya mwaka 2003, iliweka mpaka wa futi 500 kati ya viwanja vipya vya shule na barabara kuu zenye magari mengi. Kuondoa magari ya mtaa upande mmoja wa jengo hakuisogezi barabara kuu hata hatua moja upande wa pili. Linanisikitisha zaidi kuliko lolote katika kazi hii: mzazi anayeondoka kwenye kikao akiamini mwanawe sasa yuko salama kukimbia nje, kwa sababu tu mtaa umefungwa.

Kelele nayo ni vivyo hivyo. Kanuni za serikali kuu zinataka hatua za kupunguza kelele zifikiriwe pale zinapokaribia desibeli 67 nje ya shule au 52 ndani ya darasa, na hilo ni suala la kuta na madirisha.

Wengine wanauliza kwa nini fedha za barabara zisihamishe shule moja kwa moja. Katiba ya Oregon, ibara ya 9, kifungu cha 3a, inafunga mapato ya kodi ya mafuta kwa kazi za barabara na vituo vya mapumziko kando yake. Afisa hawezi kuyatumia kujenga madarasa hata akitaka.

Mtaa ukifungwa magari hayapotei, yanaingia mtaa wa jirani. N Flint Avenue, kwa mfano, ni njia ya waendesha baiskeli wengi wanaoelekea katikati ya jiji, na tathmini ya mazingira ya mradi ya mwaka 2019 ilipanga kuliondoa daraja lake linalovuka I-5. Kila njia inayozibwa huko hubadilisha mahali watoto wanaposhushwa. Kwa hiyo kumbukeni: kwenye eneo la shule mwendo ni maili 20 kwa saa. Pasipo taa ya njano inayomweka, kando ya uwanja wa shule sheria hufanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni siku za masomo, na faini ya kawaida huongezwa mara mbili. Kupita basi la shule lililowasha taa nyekundu ni kosa la daraja A, faini yake hufika dola 2,000. Kutosimama kumpisha mtu aliye kwenye kivuko ni daraja B, hadi dola 1,000. Kwamba mtaa umebadilishwa juzi si utetezi kama alama zipo.

Msiseme maoni hayabadilishi kitu. Uamuzi wa mazingira uliotolewa kwa mradi huu mwaka 2020 uliondolewa Januari 2022, na Novemba mwaka huohuo tathmini ya nyongeza ikatolewa. Lakini maoni yenye nguvu hutaja kitu: ukurasa wa tathmini, dhara mahususi, umbali wa darasa kutoka ukingo mpya, na nani atalipa matengenezo ya vichujio vya hewa baada ya mafundi kuondoka. Pingamizi la mwenye kiwanja lazima liwe la maandishi na limfikie karani kabla ya saa ya kikao. Na kama unahitaji mkalimani wa Kiswahili, omba siku ileile unapoona tangazo.