Kabla Hujaandika "Sosholojia" Kwenye Maombi ya Chuo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, dawati letu la ushauri hupokea swali lile lile, mara nyingi kutoka kwa mzazi aliyeongozana na mwanawe: "Huyu amesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), tumjazie Sosholojia?" Tukimuuliza kijana kwa nini, hujibu kwamba anapenda kusaidia watu. Hapo ndipo tunapowaomba wakae kidogo.

Anayetaka kumsaidia mtu mmoja mmoja huenda anachotafuta ni Ustawi wa Jamii. Afisa ustawi ndiye anayeketi na mama aliyetelekezwa, anayefuatilia matunzo ya mtoto, na anayeiandalia mahakama ripoti ya uchunguzi wa kijamii mtoto anaposhtakiwa, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, inajulikana kwa fani hiyo. Maendeleo ya Jamii, inayofundishwa kwa mfano Tengeru, Arusha, ni kazi ya vikundi. Afisa wa kata ndiye anayehangaika na waombaji wa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Sosholojia yenyewe, yaani taaluma ya kuichunguza jamii, hurudi nyuma hatua chache ili ione uwanja mzima. Chukua bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kwenye miradi ya namna hiyo mpimaji hupima shamba, mthamini akahesabu miembe. Lakini shamba limeandikwa jina la mume na anayelilima ni mke. Makaburi ya wazee yamo humo humo. Shemeji naye anadai fungu. Fidia ikiingia kwenye akaunti ya mtu mmoja, nani atakula na nani atahama? Mwanasosholojia hulipwa kuyauliza hayo mapema, nyumba kwa nyumba, kisha aonyeshe ni kaya ngapi zina tatizo hilo na kwa nini.

"Ngapi" hiyo ndiyo huwashtua wengi. Waliochagua masomo ya sanaa ili waachane na hesabu hukutana tena na takwimu chuoni: sampuli, dodoso, uchambuzi wa data kwa kompyuta. Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa shahada hii, na anayeukwepa kwa kunakili kazi za wenzake hutoka na cheti kisichomtofautisha na yeyote.

Kuingia si kugumu sana. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni pointi 4.0 katika masomo mawili, yaani hata D mbili, ingawa chuo kinaweza kudai zaidi. Mwongozo wa udahili hutolewa kila mwaka. Soma wa mwaka huu, usisome wa kaka yako.

Halafu fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, usome "sifa za mwombaji" kwa kila kada unayoitamani, uone kama shahada unayotaka kujaza imetajwa kwa jina. Ukishamaliza, kiulize chuo: mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, na wanafunzi wa mwaka jana walipelekwa wapi?