Je, wajua? Goti lililofanyiwa upasuaji huanza mazoezi kichwani

Siku ya kwanza baada ya upasuaji wa goti, mgonjwa huweza kuwekewa taulo lililoviringishwa chini ya goti na kuambiwa: "Kaza paja, ligandamize taulo." Anakaza mpaka jasho linamtoka, paja limelala tu kama la mtu mwingine. Hapo wengine huingiwa na hofu kwamba daktari amekata kisichopaswa kukatwa.

Mara nyingi si hivyo. Goti likivimba, taarifa kutoka ndani ya kiungo hupanda kwenye uti wa mgongo na ubongo, na msuli mkubwa wa mbele ya paja unazimwa. Watafiti wamewahi kudunga maji ya chumvi kwenye magoti mazima kabisa, na msuli ukalegea vilevile. Msuli upo, ila amri haiufikii sawasawa.

Sasa kuwaza kunasaidia nini? Fikiria embe bichi limepakwa chumvi na pilipili. Mate yamekujaa mdomoni, na embe lenyewe hulioni. Ukijiwazia unanyoosha goti, nazo sehemu za ubongo zinazopanga mwendo huamka, ingawa mguu umetulia. Mwaka 2004 watafiti wa Cleveland, Marekani, walionyesha kwamba watu waliojizoeza kwa mawazo peke yake kwa wiki 12 waliongeza nguvu ya kidole kidogo cha mkono kwa asilimia 35. Waliokifanyisha kazi kidole chenyewe walipata asilimia 53, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mazoezi ya kweli yana mbadala.

Kwa goti lenyewe, utafiti ninaoupenda ni wa Deborah Cupal na Britton Brewer, wa mwaka 2001. Walichukua watu 30 waliotengenezewa ligamenti ya goti, kamba ngumu inayoshikanisha mifupa, ile ambayo ikikatika huwaweka wanasoka nje msimu mzima. Wote waliendelea na fiziotherapia. Kundi moja liliongezewa vipindi 10 vya kutuliza mwili na kuongozwa kuwaza, jingine lilipewa maneno ya kutia moyo, la tatu halikuongezewa kitu. Baada ya wiki 24, kundi la kwanza lilikuwa na goti lenye nguvu zaidi, maumivu machache, na hofu ndogo ya kuumia tena. Watu 30 ni wachache, nakiri. Lakini lile kundi la kutiwa moyo ndilo linalonishawishi: kama dawa ingekuwa kubembelezwa tu, nao wangepona vilevile.

Hiyo hofu si jambo dogo. Mwenye hofu hukaza mwili mzima, huegemea mguu usiouma, na goti linazidi kukakamaa. Ndiyo maana kipindi huanza na pumzi: unavuta polepole, unatoa kwa muda mrefu zaidi, unalegeza taya, mabega, tumbo. Kisha sauti inakuongoza ushuke ngazi. Usijitazame kama uko kwenye televisheni. Kaa ndani ya mguu, usikie unyayo ukigusa sakafu ya baridi, kisigino kwanza, goti likikunjika bila kukwama. Dakika 10 zinatosha, na usingizi ukikupitia katikati si kosa.

Ila misuli ya nyuma ya mguu ikivimba na kuuma, pumzi ikibana, au homa ikapanda, fumbua macho uwahi hospitali. Damu iliyoganda haiyeyuki kwa kuwaza.