Kwa nini mtu hulipia kasha la gemu bila kujua ndani mna nini?

Ukiingia kwenye gemu ya FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, utakuta sehemu iitwayo Ultimate Team. Humo unaunda kikosi chako kwa kadi za wachezaji. Kadi zinapatikana kwa kucheza mechi na kulimbikiza sarafu za humo humo ndani, au kwa kutoa pesa yako halisi na kununua pakiti. Pakiti imefungwa. Huenda ina Mbappé, huenda ina beki wa daraja la pili ambaye hujawahi kumsikia. Utajua ukishalipa. Sehemu hii ilianza mwaka 2009, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, ikijumlishwa na Ultimate Team za gemu zake nyingine za michezo, iliiingizia EA, kampuni inayotengeneza gemu hiyo, dola bilioni 1.62, zaidi ya robo ya mapato yake yote.

Si FIFA peke yake. Counter-Strike ina masanduku yanayofunguliwa kwa ufunguo wa kununua, Genshin Impact ina droo za wahusika, na eFootball, ambayo vijana wengi wanaicheza kwenye simu, nayo ina droo za wachezaji. Nitayaita yote makasha ya bahati.

Wengi wanaoyanunua si wajinga. Wanajua kuwa uwezekano wa kupata wanachokitaka ni mdogo. Kwenye FIFA umeandikwa kwenye pakiti yenyewe tangu 2018, na Apple tangu Desemba 2017 inazitaka gemu zote zenye makasha kwenye duka lake ziutangaze kabla mtu hajalipa. Pata potea ya stendini iliishi kwa kuficha ujanja wa mkono. Hapa uwezekano umetangazwa kuwa mdogo, na bado watu wananunua. Mbona?

Jibu langu ni kwamba kadi ni sehemu ndogo tu ya kile kinachouzwa. Bidhaa yenyewe ni zile sekunde chache kabla kadi haijaonekana.

Tazama pakiti ya FIFA inavyofunguka pakiwa na mchezaji mkubwa ndani. Kadi haitokei mara moja. Kwanza inakuja bendera ya nchi. Tuseme ni ya Ufaransa: mpenda soka yeyote hapo ameshamwona Mbappé akilini. Kisha inatokea namba anayocheza. Kama ni mshambuliaji, mtu anainuka kwenye kiti. Kisha nembo ya klabu. Ndipo mchezaji mwenyewe anajitokeza akitembea. Kila hatua inapunguza majina yanayowezekana na kupandisha matumaini, na hakuna hatua hata moja inayobadilisha matokeo. Kuna watu YouTube waliojipatia hadhira kubwa kwa kufungua pakiti tu, na wanaowatazama hawaambulii hata kadi moja. Wanatazama kwa sababu kusubiri kwenyewe kuna utamu.

Wanasayansi waliuona utamu huo hata kwa wanyama. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Wolfram Schultz walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na kutamani na kutarajia. Kima walionyeshwa alama mbalimbali, kila moja ikiwa na uwezekano wake wa kufuatiwa na tone la kinywaji kitamu. Alama iliyomaanisha kuwa kinywaji kinakuja bila shaka ilizishtua seli mara moja, kisha zikatulia. Lakini alama ya nusu kwa nusu ilifanya jambo jingine: shughuli za seli zilianza kupanda taratibu na kuendelea kupanda mpaka sekunde ya matokeo. Kadiri mnyama alivyokuwa hana uhakika, ndivyo mpando huo ulivyokuwa mkubwa zaidi. Kima si mchezaji wa gemu, na ubongo wa binadamu una mengi zaidi ya dopamini. Hata hivyo, nikisoma matokeo hayo nikikumbuka ile bendera, ile namba na ile nembo, naona mpangilio uleule.

Miaka mingi kabla ya hapo, B. F. Skinner wa Marekani alikuwa ameonyesha kwa njiwa na panya kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio hujenga tabia ngumu kuivunja kuliko zawadi ya kila mara. Anayelipwa kila akidonoa huacha upesi malipo yakikatika. Aliyezoea kulipwa kwa kubahatisha huendelea kudonoa, kwa sababu mara nyingi za kukosa hazimwambii kuwa mambo yamekwisha.

Kuna na hila ya kukosa kidogo, ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Sanduku la Counter-Strike likifunguliwa, picha za silaha zinapita mbele yako kwa kasi, zinapunguza mwendo, na mara nyingi kitu cha thamani kinapita taratibu kisha mstari unaangukia kitu cha kawaida kilicho jirani yake. Unahisi umekosa kwa unywele. Ukweli ni kwamba matokeo yameshaamuliwa na kompyuta, na mzunguko ule ni maonyesho. Hukuwa karibu wala mbali. Luke Clark na wenzake walilichunguza jambo hili katika utafiti wa mwaka 2009, wakitumia mashine ya kamari iliyorahisishwa na kipimo cha kupiga picha ubongo. Matokeo ya kukosa kidogo yaliamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamka mtu anaposhinda. La kushangaza zaidi, washiriki walisema kukosa kidogo kunawaudhi kuliko kukosa kabisa, na papo hapo, pale walipokuwa wamechagua alama wenyewe, kuliwaongezea hamu ya kuendelea kucheza. Maudhi na hamu vilipanda pamoja. Mzazi anayemwona mwanawe amekasirika mbele ya skrini huku anaomba nyongeza ya pesa anaweza kudhani ni ukaidi. Mashine imeundwa imfikishe hapo.

Twende kwenye hesabu, maana huko ndiko akili zetu zinakoteleza. Mtu akiambiwa kitu kina uwezekano wa asilimia 1, hudhani kwamba akijaribu mara 100 atakipata. Si hivyo. Akijaribu mara 100, bado ana uwezekano wa karibu asilimia 37 wa kutoka mikono mitupu, kwa kuwa kila jaribio linaanza upya bila kukumbuka yaliyopita. Chukua kisu cha Counter-Strike, kitu adimu kuliko vyote sandukuni. Kampuni inayoisimamia gemu hiyo China ilipolazimika kutangaza viwango mwaka 2017, baada ya serikali ya huko kuzitaka kampuni za gemu zifanye hivyo, ilionekana kuwa kisu hutoka kwa kiwango cha takriban asilimia 0.26. Hiyo ni mara moja katika kila masanduku 385 hivi. Kwa ufunguo wa dola 2.49, wastani wa gharama za funguo kwa kisu kimoja unakaribia dola 960. Na kati ya watu 100 watakaotumia kiasi hicho chote, 37 hivi hawatakuwa na kisu. Kweli, vitu vingine wanavyopata vinaweza kuuzwa sokoni kwa wachezaji wenzao na kurudisha sehemu ya fedha, lakini vingi ni vya senti chache.

Wajapani waliitumia hesabu hii kwa namna kali zaidi. Gemu zao za simu zilikuwa na mtindo ulioitwa kompu gacha: unavuta zawadi kwa kubahatisha, na ukikamilisha seti nzima ya zawadi fulani unapewa zawadi kubwa. Tuseme seti ina vitu 10 vyenye uwezekano sawa. Cha kwanza unakipata mara moja, chochote kile. Vinavyofuata vinakuja haraka, na unajiona una bahati. Ukifikisha 9, kile cha mwisho peke yake kinahitaji kwa wastani mivuto 10, na seti nzima inahitaji karibu mivuto 30. Na hapo ni kama viwango ni sawa; kampuni ikikifanya kimoja kiwe adimu, idadi hiyo inapaa. Mchezaji anafika kwenye sehemu ghali wakati ambapo kuacha kunauma zaidi, kwa sababu tisa anazo tayari. Mwezi Mei 2012 mamlaka ya Japani ya masuala ya walaji ilitamka kuwa mtindo huo unakiuka sheria, na kampuni zikauondoa. Droo za kawaida, zisizodai seti, zikabaki.

Bei nayo hufichwa, na kwa ustadi. Genshin Impact haikuambii kuwa jaribio moja ni kiasi gani cha fedha. Pesa yako inanunua fuwele, fuwele zinabadilishwa kuwa vito, vito vinanunua tiketi, na tiketi ndiyo inayovuta. Mtu akifika mwisho wa mnyororo huo ameshapoteza hesabu ya shilingi zake. Januari 2025 tume ya Marekani inayosimamia haki za walaji katika biashara, FTC, ilitangaza makubaliano ambapo kampuni ya gemu hiyo italipa dola milioni 20, ikizuiwa pia kuwauzia makasha walio chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi. Miongoni mwa malalamiko ya tume ni huo mzunguko wa sarafu unaochanganya.

Je, kila anayenunua ni mwathirika? Hapana. Wengi hununua pakiti chache, wanacheka, wanaendelea na maisha. Wapo wanaoona ni haki kuchangia gemu waliyopewa bure. Lakini sehemu kubwa ya mapato haitoki kwa hao. Uchambuzi wa watafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021 uligundua kuwa asilimia 5 tu ya wanunuzi, wale wanaotumia zaidi, huleta karibu nusu ya fedha yote ya makasha, na kwamba matumizi makubwa yalihusiana na dalili za uraibu wa kamari, si na kipato kikubwa. Kabla yake, David Zendle na Paul Cairns walikuwa wamewahoji wachezaji zaidi ya 7,000 na kuona uhusiano huohuo. Utafiti wa aina hii hauwezi kuamua kama makasha ndiyo yanayozaa uraibu au wenye uraibu ndio wanaovutwa na makasha. Kwangu mimi majibu yote mawili ni mabaya: ama biashara hii inatengeneza wagonjwa, ama inaishi juu yao.

Juni 2019 Kerry Hopkins wa EA alifika mbele ya kamati ya bunge la Uingereza akasema kwamba kampuni yake huona pakiti hizo kama mshangao, akizifananisha na mayai ya chokoleti yenye kidude ndani. Hoja hiyo ina uzito wake. Watoto wamekuwa wakinunua picha za wachezaji za Panini bila kujua watapata nani tangu hata kabla ya albamu ya Kombe la Dunia la 1970, na hakuna aliyeita polisi. Tofauti ninayoiona ni kwamba duka la mayai hufungwa jioni, pesa ya kununulia lazima iwe mkononi, na muuza mayai hajui ulinunua mangapi jana wala hakuandalii ofa ya saa 24 iliyopangwa kwa tabia zako. Picha ya Panini ya mwaka huo bado iko kwenye albamu hadi leo. Kikosi cha Ultimate Team hakihamii kwenye toleo linalofuata. Gemu mpya ikitoka Septemba, unaanza sifuri.

Serikali zimejibu kila moja kivyake. Ubelgiji ilitamka Aprili 2018 kuwa makasha ya FIFA, Overwatch na Counter-Strike ni kamari isiyo na leseni, na EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA, ambazo ndizo zinazonunua pakiti, Januari 2019. Hata hivyo, mtafiti Leon Xiao alipozipitia baadaye gemu 100 zenye mapato makubwa kwenye iPhone nchini humo, asilimia 82 bado zilikuwa na makasha. Uholanzi iliitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta, ikisema pakiti ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi, si mchezo wa bahati unaosimama peke yake. Australia, tangu Septemba 2024, inazipa gemu zenye makasha ya kulipia daraja lisilopendekezwa kwa walio chini ya miaka 15.

Hoja inayonigusa zaidi imetoka kwenye gemu zenyewe. Januari 2019 Fortnite, kwenye sehemu yake ya Save the World, iliwaruhusu wachezaji kuona kilichomo kabla ya kununua. Rocket League iliondoa makasha Desemba mwaka huohuo. EA yenyewe ilijaribu pakiti za kuchungulia kwenye FIFA 21, mwezi Juni 2021: unatazama kilichomo, usipokipenda unaacha na kusubiri nyingine. Gemu zote hizo ziliendelea kuchezwa na kuuza. Kwa hiyo kampuni zinaweza, na zimeshafanya.

Wakati hilo linasubiri kuwa jambo la kawaida, kuna neno moja dogo la kuchunguza kabla ya kulipa. Kwenye pakiti za FIFA kadi zinazotafutwa sana huandikiwa uwezekano wa "chini ya asilimia 1". Moja kati ya 101 ni chini ya asilimia 1. Moja kati ya 10,000 pia ni chini ya asilimia 1. Bei ya pakiti ni ileile, na mnunuzi hana njia ya kujua yuko kwenye ipi.